Theluji ya Kwanza Inapofika Mlangoni

Mkulima wa Nyeri au wa Meru atokapo nje alfajiri, kabla mawingu hayajapanda, huuona Mlima Kenya umejifunika weupe kileleni. Weupe huo ameuona tangu utotoni. Baba yake aliuona, na babu yake pia. Walakini ni wachache mno waliopata kuushika kwa mikono yao. Theluji kwao ni kitu cha mbali, cha kutazamwa tu, kama nyota. Mwaka 1849 mmisionari Johann Ludwig Krapf aliiona theluji ya mlima huo akiwa katika nchi ya Wakamba, lakini habari zake zilipofika Ulaya wako mabwana wa elimu waliokataa kusadiki ya kwamba theluji yaweza kukaa karibu na mstari wa Ikweta. Wenyeji wa mlima hawakuwa na haja ya kubishana. Walikuwa wakiitazama kila siku.

Ziko nchi nyingine ambako theluji haikai kileleni ikingoja kutazamwa. Huja yenyewe mpaka mlangoni, ikapanda juu ya paa, ikaziba njia ya zizini, na kukaa miezi minne au zaidi kama mgeni asiyejua kuaga. Nchi moja ya namna hiyo ni Vermont, jimbo dogo lililo kaskazini mashariki ya Marekani, linalopakana na Kanada. Watu wake hawafiki hata laki saba, na wengi hukaa katika miji midogo na mashamba ya ng'ombe wa maziwa. Mlima wake mrefu kupita yote, uitwao Mansfield, una kimo cha futi 4,393, yaani haufikii hata kimo cha mahali palipojengwa Nairobi. Lakini kwa kuwa jimbo hilo liko mbali sana na Ikweta, baridi yake ni kali, na kila mwaka ardhi hugeuka kuwa nyeupe.

Mtu angedhani ya kwamba watu wenye kuteswa na baridi namna hiyo huichukia siku theluji inapoanza. Sivyo. Siku ya theluji ya kwanza haimo katika kalenda, wala hapana anayejua itakuwa lini, lakini katika nyumba nyingi ni siku ya furaha, nayo ina desturi zake ambazo wazazi huwarithisha watoto.

KUNI KABLA YA FURAHA

Furaha hiyo haiji bure. Katika mwezi wa Oktoba majani ya miti hugeuka rangi, yakawa mekundu na ya manjano, kisha huanguka yote. Mwezi wa Novemba nchi huwa ya kijivu na ya udongo, na miti imesimama uchi. Wenyeji huuita wakati huo msimu wa vijiti. Siku huzidi kuwa fupi, hata kufika Desemba jua hutua mara tu baada ya saa kumi ya jioni. Huo ndio wakati wa kumaliza kazi za nje.

Kazi ya kwanza ni kuni. Nyumba inayotegemea kuni kwa joto hupima kwa tita kubwa lenye urefu wa futi 8, upana wa futi 4, na kimo cha futi 4. Na katika majira moja ya baridi huweza kuteketeza matita manne, matano, au zaidi. Kuni hizo hazikatwi Novemba. Hapana budi zikatwe na kupasuliwa miezi mingi mbele, zipate kukauka, kwa maana kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo. Kisha kuna majani makavu ya ng'ombe, ambayo yalikatwa wakati wa joto na kuwekwa ghalani, kwa kuwa chini ya theluji ng'ombe hawana malisho. Mashina ya matunda ya stroberi hufunikwa kwa majani makavu yasiuawe na baridi. Magari hubadilishwa magurudumu, yakavishwa mipira yenye meno ya kushika barabara iliyoganda. Pembeni mwa njia ya kuingilia nyumbani husimamishwa fito, ili dereva wa gari la kusukuma theluji ajue njia inapoishia na asiharibu bustani.

Wahenga wetu walisema, akiba haiozi. Huko Vermont methali hiyo ingeeleweka bila kufasiriwa. Theluji ya kwanza ni kama mkaguzi anayefika bila barua. Yule ambaye kuni zake zimekauka na ghala lake limejaa huitazama dirishani akatabasamu. Yule aliyekuwa akisema kesho, kesho, huitazama kwa moyo mzito. Kwa hiyo furaha ya siku hiyo ni furaha ya watu waliokwisha maliza kazi yao, na watoto huyaona hayo wenyewe hata kabla hawajafundishwa.

KIJIKO CHINI YA MTO

Watoto nao wana maandalizi yao. Usiku ambao mbingu imekuwa ya kijivu na watu wazima wanasema ya kwamba hewa inanuka theluji, watoto wengi wa Marekani huvaa nguo zao za kulalia ndani nje, huweka kijiko chini ya mto, na wengine hutupa vipande vya barafu chooni. Yasemekana ya kwamba ukifanya hayo yote theluji itaanguka kwa wingi, hata shule ifungwe siku ya pili. Kila baba na kila mama ajua ya kuwa kijiko hakina nguvu juu ya mawingu. Walakini mzazi mwenye busara hacheki kwa dharau. Huenda mwenyewe jikoni akasaidia kutafuta kijiko. Labda yeye naye alilalia kijiko alipokuwa na miaka saba, na anakumbuka asubuhi moja ambayo dawa hiyo ilifanya kazi.

Kisha usiku theluji huanguka. Si kama mvua, ambayo hupiga mabati na kuwaamsha watu. Theluji haina kishindo. Tena ikiwa mpya huwa na nafasi nyingi za hewa katikati ya chembe zake, nazo humeza sauti. Kwa hiyo mtu aamkapo huitambua kwanza kwa ukimya. Hasikii gari barabarani, hasikii nyayo. Kisha huona ya kwamba dari la chumba lina mwanga usio wa kawaida, kwa sababu weupe wa nje unarudisha nuru juu. Katika nyumba nyingi yule anayeiona kwanza, awe mdogo au mkubwa, ana haki ya kupiga kelele na kuwaamsha wengine wote, na hapana wa kumgombeza asubuhi hiyo.

SIKU YENYEWE

Sanduku la nguo za baridi hufunguliwa. Hapo ndipo hujulikana ni nani aliyekua. Viatu vya mkubwa vimekuwa vidogo, navyo humshukia mdogo wake. Glovu moja haina mwenzake. Kofia aliyofuma nyanya imetobolewa na nondo. Hata hivyo hakuna anayetaka kungoja. Watoto hutoka mbio, husimama katikati ya uwanja, hufungua vinywa, na kuziacha chembe za theluji zitue juu ya ndimi zao. Wengine hulala chali na kupunga mikono juu na chini, kisha huinuka taratibu na kuiacha alama iliyo kama malaika mwenye mabawa.

Theluji ya kwanza mara nyingi ni haba. Mtoto akiviringisha donge ili atengeneze mtu wa theluji, donge huzoa na majani yaliyooza, nyasi, na matope, hata mtu huyo huwa na rangi ya udongo kuliko weupe. Hapana aibu. Huvishwa kofia ya zamani, huwekewa karoti mahali pa pua, na kusimama mlangoni kama mzee wa mji mpaka jua limyeyushe. Toka darini huteremshwa ubao wa kutelezea ambao babu aliutumia, na watoto huuvuta mpaka juu ya kilima, wakateleza, wakaanguka, wakacheka, na kupanda tena.

Watu wazima nao wana zamu yao. Ng'ombe hawajui sikukuu. Lazima wakamuliwe asubuhi na jioni. Baba huchukua koleo na kufungua njia ya kwenda zizini. Katika vijiji vingi ni desturi njema ya jirani mwenye nguvu kupita kwa mzee au mjane anayekaa peke yake, akamfagilia ngazi na mlango. Njiani mzazi humwonyesha mtoto alama zilizoandikwa usiku juu ya ukurasa mweupe: hapa sungura aliruka, hapa mbweha alipita akimfuata, hapa paa walivuka kwenda bondeni. Kwa kuwa Novemba ni mwezi wa uwindaji wa paa, wawindaji huingoja theluji hiyo kwa hamu, maana hata mtu asiye hodari huweza kufuata nyayo.

Zamani kazi ya theluji ilikuwa kubwa zaidi. Kabla ya magari kuenea, barabara hazikufagiliwa, zilishindiliwa. Farasi walivuta magogo makubwa ya mviringo yaliyoundwa kwa mbao, yakaiponda theluji mpaka ikawa ngumu, na magari yasiyo na magurudumu yakateleza juu yake. Tena kulikuwa na ajabu moja. Madaraja mengi ya Vermont yalikuwa na paa, kwa hiyo theluji haikufika ndani. Basi watu walilazimika kuchota theluji kwa koleo na kuitandaza juu ya daraja ili magari hayo yaweze kuvuka!

Jioni viatu hupangwa karibu na jiko, glovu hutundikwa zikauke, na kakao ya moto humiminwa vikombeni. Wako wanaofungua chupa ya asali ya mti uitwao mepli. Asali hiyo hupatikana kwa kutoboa shina la mti mwishoni mwa majira ya baridi na kukinga maji yake. Galoni kama 40 za maji hayo huchemshwa mpaka ibaki galoni moja tu. Ikichemshwa tena kidogo na kumwagwa ingali moto juu ya theluji safi, huganda mara moja ikawa kama peremende ya kutafuna. Kwa desturi chakula hicho ni cha mwezi wa Machi, asali inapokuwa mpya, na huliwa pamoja na matango yaliyotiwa siki ili ukali wake upunguze utamu. Lakini watoto hawajali mwezi. Mama huwakataza jambo moja tu: wasichote theluji iliyoanguka mwanzo, kwa sababu hiyo imebeba vumbi la hewani, wangoje mpaka imeanguka kwa muda.

Na kabla ya kulala mzee wa nyumba hushika kalamu. Katika kalenda iliyotundikwa ukutani, au katika daftari la shamba, huandika tarehe na kipimo: inchi mbili, inchi tatu. Ni maneno machache tu, lakini huandikwa kila mwaka.

MTOTO WA MKULIMA NA CHEMBE ZA THELUJI

Katika mji mdogo wa Jericho, chini ya Mlima Mansfield, alizaliwa mwaka 1865 mtoto wa mkulima aliyeitwa Wilson Bentley. Mama yake alikuwa mwalimu kabla ya kuolewa, naye alimfundisha mwanawe nyumbani kwa miaka mingi. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka 15, mama alimpa hadubini yake ya zamani, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo. Watoto wengine walipokimbilia theluji ili wacheze, yeye aliweka chembe moja chini ya chombo hicho na kuitazama.

Alichoona kilimshangaza. Chembe hiyo ilikuwa na pembe sita, imenakshiwa kuliko pambo lolote la sonara. Maana theluji si mvua iliyogandishwa, kama ilivyo mvua ya mawe inayoharibu majani ya chai huko Kericho. Huko juu mawinguni kitone kidogo mno huganda juu ya punje ya vumbi, kisha mvuke wa maji huja na kujishikiza juu yake kidogo kidogo, ukijipanga kwa pembe sita. Umbo hufuata baridi na unyevu wa mahali inapopita. Katika baridi ya kadiri hutokea nyota, katika nyingine hutokea sindano. Na kwa kuwa kila chembe hupita njia yake, ni vigumu sana kupata mbili zilizo sawasawa.

Kijana Bentley alijaribu kuzichora, lakini ziliyeyuka kabla hajamaliza. Akasikia habari za kamera iliyoweza kuungwa na hadubini. Bei yake ilikuwa karibu dola 100, fedha nyingi mno kwa mkulima wa siku zile. Baba yake aliona ya kwamba kuhangaika na chembe za theluji ni upuuzi, kwa maana hazikamuliwi wala hazilimwi. Hata hivyo alikubali, akatoa fedha na kununua. Mtu asimlaumu baba huyo kwa mashaka yake. Na amsifu kwa kuwa alitoa huku akiwa na mashaka.

Tarehe 15 Januari, 1885, baada ya kujaribu na kushindwa mara nyingi, Bentley alipata picha yake ya kwanza iliyo nzuri. Yeye ni mmoja wa watu wa kwanza kuipiga picha chembe moja ya theluji kwa namna hiyo. Alifanya kazi katika kibanda kisicho na moto, alizikinga chembe juu ya ubao mweusi, alizihamisha kwa kijiti chembamba cha ufagio, alizilaza juu ya kioo kwa unyoya, na kuzuia pumzi yake isiziyeyushe. Alipiga picha zaidi ya 5,000 katika maisha yake, na wakati wote huo alikuwa akilima na kukamua ng'ombe kama jirani zake. Baadhi ya jirani hao walimwona ni mtu wa ajabu. Lakini wataalamu wa hali ya hewa walimwandikia, na kitabu chake cha picha kilitoka mwaka 1931. Desemba ya mwaka huo huo alifariki kwa ugonjwa wa mapafu, baada ya kutembea kwa miguu katika dhoruba ya theluji kurudi nyumbani.

BLANKETI LA SHAMBA

Mkulima wa Vermont ana sababu nyingine ya kuikaribisha theluji. Hewa iliyokamatwa katikati ya chembe zake huifanya kuwa kama blanketi. Hata hewa ya juu ikiwa na baridi ya kupasua mawe, udongo ulio chini ya theluji nene haufikiwi na ukali ule, na mizizi ya majani ya malisho husalimika. Mwaka ambao baridi inatangulia na theluji inachelewa, ardhi huganda mpaka chini sana na mimea mingi hufa. Tena theluji ni akiba ya maji: inchi 10 za theluji, kwa makadirio, hutoa inchi moja ya maji, nayo huyeyuka polepole wakati wa machipuo na kuingia ardhini. Wazee waliiita mbolea ya maskini, kwa sababu hushuka na chumvichumvi kidogo za naitrojeni kutoka hewani. Kiasi chake si kikubwa, lakini hakikununuliwa dukani.

DAFTARI LA UKUTANI

Yale maneno machache yaliyoandikwa katika kalenda na madaftari yamepata thamani ambayo waandishi wake hawakuitazamia. Mtu akiyapanga pamoja, ya babu, ya baba, na ya mwana, huona ya kwamba majira ya baridi yanabadilika. Ziwa Champlain, lililo magharibi ya Vermont, liliganda lote karibu kila mwaka katika karne ya 19. Katika miaka ya karibuni mara nyingi halifungiki kabisa. Siku za theluji huanza kuchelewa, na mvua hunyesha katika miezi ambayo zamani ilikuwa ya weupe mtupu. Mtoto anayelalia kijiko sasa huenda akangoja zaidi kuliko alivyongoja baba yake.

Habari hiyo haiko mbali na sisi. Barafu ya kudumu ya Mlima Kenya imepungua mno tangu mwaka 1899, Halford Mackinder alipofika kileleni, na mkulima mzee wa Nyeri hana haja ya kitabu kumwambia hivyo. Macho yake yanatosha. Ila macho hayaachi urithi. Mzee akifa, aliyoyaona hufa naye, isipokuwa ameyaandika au amemwonyesha mtoto.

Hiyo ndiyo faida ya desturi ndogo za siku ya theluji ya kwanza. Kijiko chini ya mto hakileti theluji, wala mtu wa theluji hafiki juma la pili. Lakini nyumba inayosimama pamoja mlangoni kila mwaka kutazama jambo lile lile, na kuliandika, huwa imewafundisha watoto wake kutazama. Mkulima wa kwetu naye ana mvua yake ya kwanza, baada ya miezi ya vumbi, na harufu ya udongo uliolowa, na watoto wanaotoka mbio uani kabla ya kuitwa ndani. Kalamu na kalenda hazikosekani katika nyumba ya msomaji. Tarehe na neno moja zatosha.

Huko Vermont taa zimezimwa. Jiko limejazwa kuni kavu za kulala, glovu zinadondosha maji, na nje theluji inaendelea kuanguka bila sauti juu ya paa, juu ya zizi, na juu ya yule mtu wa rangi ya udongo mwenye pua ya karoti, ambaye asubuhi, baridi ikikaza, ataonekana amevaa joho jeupe.